Southall: Punjab Ndogo ya London

Southall ni mji mdogo uliomezwa na London. Uko magharibi mwa jiji, kilomita kama 17 kutoka katikati, jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow, na kiutawala ni sehemu ya manispaa ya Ealing. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu hapo watu wapatao 70,000. Wengi wao wana asili ya Bara Hindi, hasa Punjab, na ndiyo maana mtaa umebandikwa jina la Chota Punjab, yaani Punjab Ndogo. Msafiri anayeshuka kwenye stesheni ya treni hulikuta jina la mahali limeandikwa mara mbili ubaoni: kwa Kiingereza, na kwa Gurmukhi, hati inayotumiwa kuandikia Kipunjabi.

Kwa msomaji wa Kiswahili mtaa huu una jambo la ziada. Sehemu kubwa ya watu walioujenga hawakutoka India moja kwa moja. Walitokea Kenya, Uganda na Tanzania, na wengine walifika London wakiwa hawajawahi kuikanyaga India hata siku moja.

Barabara kuu ya Southall inaitwa The Broadway. Maduka yamebanana pande zote mbili: hapa sari na vitambaa vya harusi vimetundikwa madirishani, pale bangili za dhahabu, kando yake duka la vyombo lenye masufuria ya kupikia watu mia. Wauza mboga hutoa makreti yao hadi nje, yakajaa bamia, karela, majani ya uwatu, pilipili mbichi na, msimu ukifika, maembe ya India na Pakistan yanayouzwa kwa boksi. Wapo wauza tambuu, wauza kanda za dini, mawakala wa tiketi za ndege za Amritsar na Delhi, na mawakili wa mambo ya uhamiaji, ambao ofisi zao kwa kawaida ziko ghorofani, juu ya duka.

Kwenye kona moja ya barabara hiyo hukaangwa jalebi, tamutamu ile ile inayojulikana Mombasa na Zanzibar. Mpishi huweka ndani ya kitambaa chenye tundu dogo uji mzito wa unga uliolala hadi ukachacha, kisha huukamua juu ya karai la mafuta huku mkono ukizunguka. Pete tatu nne zinaungana, zinavimba, zinageuka rangi ya chungwa. Huopolewa kwa kijiti na kutoswa kwenye shira, na huliwa zingali moto, shira ikichuruzika vidoleni, pamoja na chai ya maziwa iliyotiwa iliki. Anayejua Kiswahili akisimama hapo na kutega sikio, katika Kipunjabi kinachozungumzwa atadaka neno moja moja: gari, bima, laki, chapati, achari. Ni maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kutoka lugha za India kwa njia ya biashara na makazi ya watu wa Bahari ya Hindi.

Mtaa wa viwanda

Southall ilikuwa mahali pa watu wa kuja muda mrefu kabla ya Mhindi wa kwanza kupanga chumba. Mwaka 1698 ilipewa hati ya kifalme ya kuendesha soko la mifugo, na mnada wa farasi uliendelea hapo hadi mwanzoni mwa karne hii. Mfereji wa maji wa kusafirishia mizigo ulichimbwa, reli ya kwenda magharibi ikapita mwaka 1838, na udongo wa hapo ukafaa kwa tofali. Penye reli, mfereji na ardhi ya bei nafuu viwanda havikawii. Kikajengwa kiwanda cha gesi ya makaa ya mawe, kikaja kiwanda kikubwa cha siagi ya mimea, na mwaka 1927 kampuni ya AEC ikahamia hapo kutengeneza mabasi na malori. Mabasi mengi mekundu ya London yalitoka mikononi mwa mafundi wa Southall. Miaka ya 1930, migodi ya makaa ya Wales ilipokosa kazi, Wawelisi walihamia hapa kwa wingi, wakafuatwa na Waayalandi. Wenyeji waliwalalamikia hao pia.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na kazi nyingi kuliko watu. Upande wa pili wa dunia, mwaka 1947, jimbo la Punjab lilikatwa vipande viwili: magharibi Pakistan, mashariki India. Mamilioni walihama makwao na mamia ya maelfu waliuawa. Familia za wakulima katika wilaya kama Jalandhar na Hoshiarpur zilijikuta na mashamba madogo na watoto wengi wa kiume. Mwaka 1948 sheria ya uraia ya Uingereza iliwapa watu wa makoloni na Jumuiya ya Madola haki ya kuingia nchini na kufanya kazi. Aliyeweza kukopa nauli alisafiri.

Mlango wa Southall ulifunguliwa na kiwanda cha mpira kilichoitwa Woolf. Kazi yake ilikuwa ya joto, moshi na harufu kali, na Waingereza waliikimbia. Meneja wa kiwanda aliyehusika na ajira aliwafahamu Masingasinga, hao ambao Afrika Mashariki huitwa Makalasinga, tangu enzi za utumishi wake India. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanza kuwaajiri. Mmoja alimwita ndugu yake, ndugu akamwita mwanakijiji mwenzake, na kwa muda mfupi karibu vibarua wote wa kiwanda hicho wakawa Wapunjabi.

Maisha ya miaka hiyo hayakuwa na anasa yoyote. Wanaume walikaa kumi au zaidi kwenye nyumba ya vyumba vitatu, wakalala kwa zamu: anayetoka kazini alfajiri alijitupa kwenye kitanda alichoamkia mwenzake. Wengi walipewa zamu za usiku. Wengine walinyoa ndevu na kuvua kilemba ili waajiriwe, jambo ambalo kwa Msingasinga ni kidonda cha rohoni, maana nywele zisizokatwa ni amri ya dini yake. Matangazo ya vyumba vya kupangisha yaliandikwa wazi kwamba watu wa rangi hawatakiwi. Walichofanya ni kuchangishana. Kundi lilinunua nyumba moja kwa fedha za wote, likalipa deni, likahamia ya pili, mpaka kila mmoja akawa na yake. Mfumo huo unafanana na mchezo au upatu wa kinamama wa Afrika Mashariki, isipokuwa kwamba zamu ya mtu ilipofika alipata nyumba.

Mwaka 1957 walianzisha hapo Southall chama cha wafanyakazi wa Kihindi, Indian Workers' Association. Kilijaza fomu za wasiojua Kiingereza, kilipigania wanachama viwandani na kuwaongoza wapya kwenye ofisi za serikali. Baadaye kilinunua jumba la sinema la Dominion, likawa mahali pa filamu za Kihindi Jumamosi na Jumapili, pa mikutano, na pa kulilia waliofariki. Mwishoni mwa 1965 wafanyakazi wa Woolf waligoma kwa wiki kadhaa. Hawakushinda, na kiwanda chenyewe hakikudumu muda mrefu baada ya hapo, lakini mtaa ulionja nguvu yake.

Sheria ya mwaka 1962 ilipoanza kuwadai wahamiaji vibali, ilileta matokeo yaliyo kinyume na lengo lake. Wanaume waliokuwa wamekusudia kuchuma na kurudi waliona mlango unafungwa, wakawahi kuwaita wake na watoto. Kambi ya makapera ikageuka mtaa wa familia.

Watoto walipofika, shule zikawa uwanja wa mgogoro. Mwaka 1963 wazazi wa Kizungu walilalamika, na Waziri wa Elimu, Edward Boyle, alikuja Southall kuwasikiliza. Msimamo uliofuata ni kwamba shule yoyote isizidishe theluthi moja ya watoto wa wahamiaji. Kwa hiyo watoto wa Kiasia, baadhi yao wadogo wa miaka mitano na sita, walipakiwa kila asubuhi kwenye mabasi na kupelekwa shule za mbali. Walichelewa kufika, waliwahi kuondoka, na hawakuwa na rafiki wa kucheza naye baada ya masomo, kwa kuwa wenzao wa darasani waliishi upande mwingine wa mji. Hakuna mtoto wa Kizungu aliyepakiwa kuletwa Southall. Utaratibu huo uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watu wazima waliopitia hapo bado wanausimulia kwa uchungu. Wana haki.

Waliotoka Nairobi na Kampala

Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta Wahindi wapatao 32,000 kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wengi walikuwa Wapunjabi. Takriban 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na elfu kadhaa wakabaki. Wengine walifuata baadaye kwa hiari yao, wakiwemo mafundi wa Kisingasinga wa ukoo wa Ramgarhia: maseremala, wahunzi, waashi, mafundi wa injini. Wajukuu zao walizaliwa Nairobi na Kisumu, wakasoma Kiingereza, wakawa makarani wa reli, walimu, wakandarasi na wenye maduka.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Waasia wasiokuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili kuamua. Wengi hawakuchukua uraia wa Kenya, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 sheria mpya za Kenya zilimtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, na zikampunguzia maeneo na bidhaa za kufanyia biashara. Ndege za kwenda London zikajaa. Serikali ya Uingereza ikashtuka. Mwanzoni mwa 1968 Bunge lake lilipitisha sheria kwa siku tatu tu: pasipoti ya Uingereza peke yake haitoshi, lazima mwenye nayo awe na mzazi au babu mwenye mzizi ndani ya Uingereza. Mzungu wa Nairobi alipita. Mhindi wa Nairobi, mwenye pasipoti ya rangi ile ile, aliambiwa apange foleni. Ni vigumu kuitetea sheria hiyo, hata kwa kuzingatia hofu za wakati ule.

Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Uingereza ilipokea kama 28,000. Walifika na masanduku machache, wakawekwa kwenye kambi za zamani za jeshi, na wakashauriwa wasiende miji ambayo tayari ilikuwa na Waasia wengi. Halmashauri ya jiji la Leicester ilithubutu hata kuchapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasifike huko. Walikwenda tu, Leicester na Southall pia, kwa sababu mtu aliyepoteza kila kitu huenda kwa shemeji yake.

Mwanaanthropolojia Parminder Bhachu, katika kitabu alichokitoa mwaka 1985, aliwaita watu hawa wahamiaji wa mara mbili. Tofauti yao na waliotangulia ilionekana upesi. Waliotoka vijijini Punjab walianza na wanaume peke yao. Hawa walishuka na familia nzima, bibi na mjukuu. Walijua Kiingereza, walishazoea mji, walishaendesha mahekalu na shule zao wenyewe ugenini. Wengi walivaa vilemba vyao bila wasiwasi, na hilo likawatia moyo waliokuwa wamevivua. Hawakuwa na ndoto ya kurudi, kwani hapakuwa na pa kurudi. Wakanunua maduka yaliyokuwa yakifungwa na wazee wa Kiingereza, wakayawasha taa, wakayaacha wazi hadi usiku. The Broadway inayoonekana leo, kwa sehemu kubwa, ni kazi yao.

Mkahawa wa Brilliant ni mfano mzuri. Ulifunguliwa Southall mwaka 1975 na ndugu wawili, Gulu na Kewal Anand, ambao baba yao aliwahi kuwa na biashara ya jina hilo hilo Nairobi. Jamaa wa ukoo huo huo wakafungua mwingine, Madhu's, mwaka 1980. Kwenye orodha ya vyakula ya Madhu's imeandikwa Nyamma Choma, na kuna mbavu zilizopewa jina la Boozi Bafu, ambalo sikio la Mswahili halihitaji mkalimani kulitambua. Mtaani kote huuzwa mogo, yaani muhogo: wa kukaanga, wa pilipili, wa kuchoma. Punjab haina muhogo. Neno na chakula vyote vilipandia ndege Embakasi na Entebbe, na leo kijana wa Southall aliyezaliwa na wazazi wa Jalandhar huagiza mogo akidhani ni chakula cha asili cha Kihindi.

Miaka ya moto

Usiku wa tarehe 4 Juni 1976, kijana wa miaka 18 aitwaye Gurdip Singh Chaggar alichomwa kisu na kundi la vijana wa Kizungu, mbele ya jumba la Dominion. Akafa. Wazee wa vyama waliitisha mkutano na kuzungumzia maazimio. Vijana walitoka nje, wakaandamana hadi kituo cha polisi, na wakaunda chama chao, Southall Youth Movement. Baba zao walikuwa wamevumilia kwa sababu walijiona wageni. Hawa walizaliwa au kukulia hapo, na hawakuona kwa nini waombe ruhusa ya kutembea mtaani kwao.

Miaka mitatu baadaye, kabla tu ya uchaguzi mkuu, chama cha National Front, kilichotaka watu wasio Wazungu warudishwe makwao, kiliruhusiwa kufanya mkutano ndani ya ukumbi wa manispaa wa Southall. Siku ilikuwa 23 Aprili 1979. Wakazi walikuwa wameandamana siku iliyotangulia kuomba mkutano usifanyike. Hawakusikilizwa. Mchana huo maduka yalifungwa, viwanda vikasimama, na watu wakajaa barabarani. Polisi zaidi ya 2,500 waliletwa, wengine juu ya farasi, na jioni wakawatawanya waandamanaji kwa virungu. Blair Peach, mwalimu kutoka New Zealand mwenye umri wa miaka 33 aliyekuja kuwaunga mkono wakazi, alipigwa kichwani na kufariki usiku huo. Watu zaidi ya 340 walishtakiwa.

Mwili wake uliwekwa Dominion kabla ya mazishi, na maelfu ya wakazi walipita kumuaga mgeni ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona akiwa hai. Ripoti ya ndani ya polisi ilifichwa kwa takriban miaka 30. Ilipotolewa mwaka 2010, ilionyesha kwamba karibu kwa hakika pigo lililomuua lilitoka kwa askari wa kikosi maalumu. Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kifo hicho. Southall ina shule ya msingi yenye jina la Blair Peach, na mwaka 2019 vibao vya kumbukumbu viliwekwa kwenye jengo la ule ukumbi wa manispaa kwa ajili yake, kwa ajili ya Chaggar, na kwa ajili ya Misty in Roots, bendi ya rege ya mtaani hapo ambayo meneja wake alijeruhiwa vibaya siku ile ile.

Tarehe 3 Julai 1981 mabasi yaliwashusha vijana wanyoa vipara waliokuja kusikiliza muziki kwenye baa ya Hambrough Tavern. Baadhi yao walivunja vioo vya maduka na kuwatukana wenye nayo. Mtaa ukatoka. Kabla ya usiku kwisha baa ilikuwa majivu.

Katika joto hilo wanawake wa Southall waliona jambo ambalo wanaume hawakutaka litajwe. Jamii iliyosimama kidete dhidi ya ubaguzi nje ilinyamazia kipigo ndani ya nyumba. Mwishoni mwa 1979 wanawake wa Kiasia na wa Kiafrika-Karibi walianzisha Southall Black Sisters. Pragna Patel, mzaliwa wa Kenya, alijiunga nao mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuliongoza shirika hilo kwa miaka mingi. Walisema wazi kwamba heshima ya ukoo si sababu ya mwanamke kuuawa, na walisema hivyo huku wakitukanwa na wazee wa jamii yao. Kesi iliyowatangaza ni ya Kiranjit Ahluwalia, aliyemuua mumewe mwaka 1989 baada ya miaka kumi ya mateso, akahukumiwa kifungo cha maisha. Walimpigania hadi akaachiwa huru mwaka 1992, na hukumu hiyo ilibadilisha namna mahakama za Uingereza zinavyomtazama mwanamke aliyeteswa kwa muda mrefu.

Kiwanda cha AEC kilifungwa mwaka 1979, na vingine vikafuata. Mzigo wa kulisha mtaa ukahamia Heathrow: usafi, mizigo, vyakula vya ndege. Agosti 2005 kampuni ya Gate Gourmet, iliyokuwa ikipika chakula cha ndegeni, iliwafukuza wafanyakazi zaidi ya 600, wengi wao wanawake wa Kipunjabi wa Southall na jirani zake. Wafanyakazi wenzao wa uwanjani waligoma kuwaunga mkono, na safari za British Airways zikasimama. Picha za kinamama wa makamo waliovaa salwar kameez, wamekaa kando ya barabara na mabango mikononi, zilionyeshwa dunia nzima.

Dini, ngoma na filamu

Masingasinga ndio wengi, lakini hawako peke yao. Kuna misikiti, mahekalu ya Kihindu na makanisa, mengine yakisali kwa Kipunjabi. Jengo linalotawala anga ni gurdwara, yaani hekalu la Masingasinga, ya Sri Guru Singh Sabha, iliyofunguliwa mwaka 2003 kwa gharama ya takriban pauni milioni 17, nyingi zikiwa michango ya waumini. Ni miongoni mwa gurdwara kubwa zaidi nje ya India. Ina kuba la dhahabu na kuta za mawe meupe, na ilijengwa kwenye barabara ya Havelock, yenye jina la jenerali wa Kiingereza aliyesifika kwa kuzima uasi wa Wahindi mwaka 1857. Baada ya madai ya muda mrefu, sehemu ya barabara hiyo imepewa jina la Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Masingasinga.

Waramgarhia wana gurdwara yao, barabara ya Oswald, na humo wamo wazee wengi waliozaliwa Kenya. Jambo hili huwashangaza watu wa nje, kwa kuwa dini yao inakataa matabaka; ukweli ni kwamba tofauti za wakulima na mafundi zilisafiri nao mpaka London.

Kila Aprili, kwa sikukuu ya Vaisakhi, maandamano ya kidini hupita mitaani. Kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, huwekwa kwenye gari lililopambwa maua, na mbele yake watu wasio na viatu hufagia lami. Wenye nyumba na maduka huweka meza nje na kumpa kila apitaye sambusa, juisi na chai, bila kumwuliza ni nani.

Muziki nao una deni lake kwa mtaa huu. Bhangra ni ngoma ya mavuno ya Punjab, inayochezwa kwa mdundo wa dhol. Southall iliichukua ikaitia gitaa la umeme na kinanda, kwa ajili ya kumbi za harusi. Kundi la Alaap, likiongozwa na Channi Singh, lilianza hapo mwaka 1977, na Kuljit Bhamra, mzaliwa wa Nairobi, akawa mmoja wa watayarishaji waliousambaza mtindo huo Uingereza yote. Mwaka 1989 ilianza Sunrise Radio, redio ya Waasia iliyotangaza saa 24. Gurinder Chadha, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1960 na kukulia Southall, ndiye aliyeongoza filamu ya Bend It Like Beckham ya mwaka 2002, kuhusu binti wa Kisingasinga anayetaka kucheza soka kuliko kupika. Na jumba la sinema la Himalaya Palace, lililojengwa mwaka 1929 kwa mtindo wa hekalu la Kichina, lilionyesha filamu za Kihindi kwa miaka mingi. Sasa ndani yake mna vibanda vya biashara, na paa lake la mazimwi lingalipo.

Southall ya leo

Waliofanikiwa wengi wamehama. Watoto wao ni madaktari, wahasibu na madereva wenye magari yao wenyewe, wanaishi Hounslow, Slough au mbali zaidi, na hurudi Jumamosi kununua dhahabu na viungo. Nafasi zao zimechukuliwa na Wasomali, Waafghani wakiwemo Masingasinga wa Kabul waliokimbia vita, Watamil wa Sri Lanka na watu wa Goa. Baadhi yao hukaa katika hali ile ile ya mwaka 1955, mbaya hata zaidi: vibanda vya uani vilivyojengwa kinyume cha sheria na kupangishwa kwa bei ya chumba. Ni aibu kwamba wenye vibanda hivyo mara nyingine ni wana wa wale waliolala kwa zamu.

Eneo la kiwanda cha zamani cha gesi linajengwa maghorofa, zaidi ya nyumba 3,700. Udongo wake uliokolea kemikali ulipofukuliwa na kusafishwa, wakazi wa jirani walilalamika kwa miaka kuhusu harufu na vifua. Treni za Elizabeth Line, zilizoanza kupita katikati ya London mwaka 2022, zimeifikisha Southall dakika chache kutoka maofisi ya jijini, na kodi za nyumba zimepanda. Mwenye duka dogo la sari hawezi kushindana na kodi hiyo kwa muda mrefu, na manispaa ikitaka The Broadway ibaki The Broadway italazimika kumlinda kwa makusudi.

Msomaji atakayebahatika kufika London anaweza kupanda treni hiyo Paddington na kushuka Southall kabla ya nusu saa kwisha. Gurdwara iko wazi kila siku kwa mtu wa dini yoyote. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa kwa kitambaa kinachotolewa mlangoni, kisha huketi ndani ya langar, jiko la pamoja, na kupewa dengu, mboga, chapati na wali wa maziwa. Ni utaratibu ule ule wanaoujua wasafiri wa barabara ya Nairobi na Mombasa waliowahi kusimama kwenye gurdwara ya Makindu. Chakula ni cha bure, na anayetaka kulipa huombwa aende jikoni akasaidie kuosha sahani.